Mdhamini wa Munir

"Nilimpigia simu mdhamini wako jana," alisema Bi Dalal, meneja wa hoteli moja ya Shangani, huku akiuweka mezani wasifu wa Munir. "Kakusifu mpaka nikaona haya miye."

"Alhamdulillahi," Munir akaitikia. Mdhamini yule hakuwapo duniani. Jina lake na namba ya simu Munir alivitunga mwenyewe, kwenye duka la kuchapisha la Nusrat, Mlandege.

Alikuwa keshatuma wasifu wa kweli kila mahala bila ya kuitwa. Nusrat alimwonesha kosa. "Uzoefu wako umeuficha. Andika ulivyokuwa ukimsaidia ami yako kutembeza wageni, na Kitaliana chako kiweke juu." Munir aliyaona hayo mambo ya kitoto. Akataka aandikwe kuwa alikaa mapokezi katika hoteli ya Chwaka, nayo ni gofu lililotelekezwa kabla ya kuezekwa, ambalo wenyeji hawalisogelei hata jua la utosi.

"Nani atakwenda kuuliza?" alisema.

Kazi akapata. Mama yake, Bi Rukaiya, alilia kwa furaha.

Siku ya kwanza alivaa sare mpya, na kabla ya adhuhuri ikazuka harufu ya pweza aliyesahauliwa juani ndani ya mfuko. Akajinusa makwapa: safi. Wageni wakawa wanarudi nyuma wakimkabidhi pasipoti. Akenda kunawa, na chini ya kucha ukachuruzika ute wa kijivu. Akaufuta, ukaja mwengine. Kwenye chakula aliuma tonge la biriani akahisi unywele baina ya meno, akauvuta, nao ukaja, ukazidi kuja, mrefu na mbichi, ukimkwaruza kooni kana kwamba umefungwa tumboni, na ncha yake ilipotoka ilikuwa imeshikilia kipande cha ngozi chenye joto.

Aliporudi kwenye meza ya mapokezi, simu ikalia.

"Munir," ilisema sauti laini ya kiume, "umeondoka bila ya kuaga. Tunakungoja kazini."

"Nani wewe?"

"Bosi wako."

Nyumbani, Bi Rukaiya alijiziba pua kwa ushungi. "Mwanangu, mbona unanuka maiti?" alinong'ona.

Munir akamweleza yote. Kesho yake mama akampeleka Chwaka kwa Bi Kazija, mkulima wa mwani aliyejulikana kwa kupunga majini.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Kaa huko huko mlangoni, usinisogelee." Akamsikiliza akiwa kakunja uso. "Lile gofu lina wenyewe. Umewaandika kuwa ni mabosi zako, na wao wamekubali. Sasa wanamtaka mtu wao."

"Niwachinjie nini?"

"Hawataki damu. Kanusha, mbele ya yule uliyempa uongo."

"Ntafukuzwa kazi, bibi!"

"Basi kaa uoze."

Munir alimtazama mama yake. Bi Rukaiya alikuwa akitapika ukutani, kwa kuwa alisafiri kutoka mjini ubavuni mwa mwanawe.

Asubuhi iliyofuata Munir alisimama mbele ya Bi Dalal, ambaye alikuwa na leso puani.

"Sijafanya kazi kule hata siku moja. Mdhamini sina. Nilisema uongo."

Papo hapo simu ya mezani ikaanza kulia, na Bi Dalal aliponyoosha mkono Munir akapiga ukelele, "Usipokee!", akaanguka magoti, na tumbo likamgeuka likamwaga sakafuni bonge la nywele zilizosokotana, ute, na katikati yake meno ya watu, madogo, ya manjano, yakigongana kama yanayotafuna, mpaka yalipotulia na simu nayo ikanyamaza.

Harufu ikakatika.

"Toka," alisema Bi Dalal. "Toka, na usirudi."

Munir akenda moja kwa moja Mlandege, Nusrat akamwandikia ukurasa mmoja: ami yake, wageni, Kitaliana. Ofisi moja ya watalii ilimwita, wakamsemesha Kitaliana, akajibu, wakamchukua.

Yuko huko mpaka leo, na wenzake wanampenda. Ila hawamwelewi wakati wa chakula. Munir hutandaza wali sahanini, akauchambua punje kwa punje, na wengine wanapomaliza kunawa yeye bado hajatia tonge kinywani.