Kiroba Chenye Masikio

Aisee, kaa vizuri, maana hili tukio utasema mtu kalitunga. Mwizi amewekewa vitu viwili mbele yake, cha bei kali na cha bei nafuu. Kaacha cha bei kali! Halafu pale alipochukua kaweka sabuni. Na aliyemgundua siyo askari, ni Asnath, fundi kompyuta wa miaka ishirini na mbili, kwa picha moja tu kwenye simu.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa na robo alasiri, dukani kwa Mzee Mwinshehe pale Rusimbi. Asnath alikata uzi wa kiroba kilichotoka Dar. Ndani mlikuwa na maboksi mawili. Boksi kubwa lilikuwa na mazabodi kubwa ya duka, ile bodi kuu ya kompyuta, salama kabisa. Akafungua boksi dogo, la mteja wao Wilfred, harufu ya mawese ikampiga usoni. Kipande cha sabuni ya mawese kimekaa humo, kimefungwa kwa mfuko wa nailoni.

"Edson! Njoo uone mazabodi ya Wilfred imegeuka sabuni."

Edson, fundi mwenzake, ndiye aliyeupokea mzigo stendi. Akachungulia, akashika kichwa. Mzee Mwinshehe yeye akaja juu.

"Mzigo umetoka stendi mikononi mwako. Nakupa mpaka saa kumi na mbili. Isipoonekana, mimi na wewe polisi. Na kazi basi."

"Mzee, haki ya Mungu sijaiba!"

Asnath aliitazama mikono ya Edson. Mikono hiyo hiyo ndiyo ilimfundisha kushika bisibisi. Yaani huyu alale rumande kwa ajili ya sabuni? Haiwezekani.

Akakaa chini na simu yake, akaanza kuwaza kuanzia Jumatatu, siku Wilfred alipokuja kuchagua. Kijana anacheza magemu mpaka timu ya Dar imemwita, anaondoka Jumapili. Alikuja na mama yake, Mama Rozalia, mfungaji wa magunia ya dagaa pale mwaloni Kibirizi. Asnath aliwawekea picha mbili.

"Hii kubwa ina sentimeta ishirini na nne kila upande. Ina sehemu nne za ram, na nafasi za kuongeza kadi baadaye. Hii ndogo ni kumi na saba kwa kumi na saba. Ram mbili tu, kadi ya grafiksi moja, basi. Ukikosea hapa hakuna pa kuongezea."

"Joto je?" Wilfred akauliza.

"Ndogo vitu vimebanana, lazima feni ipangwe kwa akili. Ila kompyuta nzima inaingia kwenye begi la mgongoni."

Mama Rozalia, aliyekaa kwenye benchi, akauliza, "Na hiyo kubwa, mwanangu, haibebeki?"

"Kubwa mama ikikaa mezani imekaa. Hiyo ni ya nyumbani."

Wilfred akachagua ndogo bila kupepesa macho.

Sasa, mwenye shida ya pesa angebeba ipi? Kubwa! Ndiyo ya bei. Mwizi huyu aliitaka ndogo na ndogo peke yake. Asnath akamkumbuka Feliksi wa Ujiji, mpinzani wa Wilfred kwenye magemu. Mzigo ulifika dukani saa nane, na Feliksi alikaa nao kaunta karibu dakika kumi Asnath alipokwenda kununua vocha.

Akampigia. Saa kumi kasorobo Feliksi huyo kafika, anatafuna karanga.

"Dada Asnath, unanishuku mimi? Kesi ya kompyuta yangu si unaijua? Kubwa kama friji! Nikiiba, naiba kitu cha kuijaza."

"Ulitaka Wilfred asiende Dar."

"Nimtake abaki ili aendelee kunipiga kila Jumamosi? Aende huko, tena aende haraka!" Akacheka, kisha akaokota kiroba sakafuni. "Halafu mimi hata kifungo cha shati nashonewa. Hiki mimi nikifungue na nikishone tena kwa dakika kumi?"

Asnath akakodoa macho. *Nikishone tena.*

Akafungua picha aliyotumiwa na muuzaji wa Dar siku ya Jumanne. Kwenye picha, mdomo wa kiroba umeshonwa mstari mmoja ulionyooka, pembe zimelala. Akatazama kiroba chenyewe. Alikuwa amekata katikati tu, kwa hiyo pembe zilikuwa bado nzima. Zote mbili zimekusanywa na kukazwa kwa uzi, zimesimama kama masikio ya sungura.

"Feliksi, masikio haya ya nini?"

"Si ya kushikia? Gunia la dagaa bila masikio mpagazi atalinyanyuaje?"

"Na kimzigo cha kilo mbili?"

Feliksi akaacha kutafuna.

Mkono ulioshona pale haukuwaza kabisa. Ulifanya kile unachofanya kila siku. Asnath akamvuta Edson nyuma ya duka.

"Kaka Edson, ulipokea mzigo saa sita na dakika arobaini. Hapa umefika saa nane. Ulipitia wapi?"

"Nilikuja moja kwa moja."

"Ulipitia Kibirizi."

Edson akainamisha kichwa. "Nilipita kula samaki, wale migebuka. Mzee kanikataza kuzunguka na mali ya mteja, ningemwambiaje? Lakini mzigo sikuuacha hovyo. Nilimwachia Mama Rozalia, nikamwambia humu kuna mazabodi ya Wilfred. Mama mwenye mtoto wake! Angeifanya nini?"

"Uliuacha muda gani?"

"Nusu saa."

Saa kumi na nusu Asnath alikuwa Kibirizi. Mama Rozalia alikuwa kwenye turubai lake, sindano ndefu mkononi, anafunga gunia. Alipiga mshono wa mwisho, akakusanya pembe, sikio la kwanza, sikio la pili. Wala hakuangalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umefuata dagaa?"

"Nimefuata mazabodi."

Sindano ikasimama. Asnath akaweka kiroba juu ya gunia, masikio kwa masikio, na simu yenye picha pembeni. Mama Rozalia alitazama kimoja, akatazama kingine, kisha akajicheka kidogo.

"Mikono hii imenisaliti. Ningemsingizia nani?"

Akafungua sanduku la bati alilokuwa amelikalia. Mazabodi ilikuwa imeviringishwa kwenye kanga mpya, bado ndani ya mfuko wake wa kiwandani.

"Mama, kwa nini?"

"Si ulisema mwenyewe? Kubwa ni ya nyumbani. Nikaona ndogo ikipotea, na siku zimeisha, mtampa kubwa. Ataiweka mezani, na yeye atakaa hapo kucheza. Sabuni ilikuwa ya kushika uzito tu." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Kaka zake wawili walikwenda huko Dar, Asnath. Mmoja mwaka wa saba, mmoja wa nne. Wamebaki sauti kwenye simu. Huyu ndiye mtu niliyebaki naye."

Asnath akamwonyesha saa kwenye simu. "Mama, saa kumi na mbili Edson anapelekwa polisi."

"Edson? Mtoto wa watu? Kwa ajili yangu?" Mama Rozalia akasimama, akachoma sindano kwenye gunia. "Twende."

Mbele ya Mzee Mwinshehe alisema yote mwenyewe, bila kuulizwa. Mzee akamwomba Edson msamaha, ingawa ya migebuka alimkaripia papo hapo. Mama Rozalia akawashika mikono wote watatu.

"Nimekosa. Ninaomba kimoja tu. Wilfred asijue."

Ijumaa saa nne asubuhi Asnath alifunga ile ndogo kwenye kesi, skrubu nne, feni ikitazama juu. Kompyuta ikawaka, Wilfred akaruka kama kashinda kombe. Kwenye benchi mama yake alikuwa anashona mfuko wa kubebea, wa turubai jipya.

"Mama, masikio ya nini tena? Si kitu kidogo hiki?"

"Ukichoka, mtu akusaidie kushika."

Wilfred akacheka, akamgeukia Asnath. "Nasikia jana mazabodi yangu ilipotea. Nani aliichukua?"

Sindano ikasimama. Edson akajifanya anatafuta skrubu. Asnath alimtazama Wilfred, aliyemlipa na kumwamini, akamtazama mama.

"Mizigo ilichanganyika njiani," akasema.

Sindano ikaanza tena, polepole.

Jumapili Wilfred akaondoka, mfuko begani, kashika sikio moja. Mpaka leo hajui lile sikio linafanana na nini. Wewe je? Ungekuwa Asnath, anakuuliza macho kwa macho, na mama yake yuko pale pale, ungemjibu nini?