Sanduku Lililotoa Jasho

Globu ya sanduku la nyoka ilikuwa imeungua tangu Jumapili, lakini asubuhi hiyo kioo kilikuwa kinatoa jasho. Philomène aliweka kiganja juu yake. Kilikuwa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto, joto lile lile ambalo Bwana Lambert alikuwa amesema lisipungue. Alifurahi. Kwa baridi ile ya Julai, chatu huyo alikuwa amemtia huruma.

Bwana Lambert, injinia, alikimbilia Rhodesia na mkewe siku zile askari walipoasi na Katanga ikajitangazia bendera yake. Casimir, mume wa Philomène, alikuwa mpishi wake. Kabla ya kuwasha gari, Bwana alileta sanduku la kioo mpaka katika chumba chao kimoja nyuma ya nyumba kubwa, kule Shituru, akaeleza kwa Kifaransa, polepole, kama mtu anayeacha mwana wake. Globu iwake mchana na usiku. Majani yaliyotandikwa yanyunyiziwe maji asubuhi na jioni. Chatu akipoa, chakula kitamwozea tumboni. Akikauka, hataweza kujivua ngozi vizuri, itamganda machoni.

"Nikirudi nimkute mzima," alisema, "mtahamia ile nyumba ya matofali yenye vyumba viwili."

Casimir alimtafsiria mkewe, kisha akacheka. "Nyoka iko na lampe yake, Mama Mathilde. Siye tuko natetemeka tu."

Globu ilipoungua, maduka yalikuwa yamefungwa. Philomène akaisogeza mbabula yao, jiko la makaa, karibu na sanduku, makaa yakiwa yameshaiva na moshi umeisha, ili joto lifike kwa nyoka na kwa kitanda cha mtoto wao Mathilde pia. Kisha mabomba yakakauka. Alikwenda mbali kuchota, mtoto mgongoni, na kila kata ya maji ilikuwa na kazi yake.

Mathilde alikuwa bado hajaota jino. Maji aliyoogeshewa mtoto wa namna hiyo hayamwagwi ovyo. Mama huyapeleka mwenyewe kwenye mgomba ambapo kitovu cha mtoto kilizikwa. Philomène alijua. Lakini jioni iliyotangulia milio ya bunduki ilisikika upande wa stesheni, mgomba ulikuwa nje ya uzio, na majani ya sandukuni yalikuwa makavu kama nyasi za kuezekea.

"Weye pia uko na kiu," alimwambia chatu kwa upole. Akachovya vidole katika beseni la mtoto, akamnyunyizia.

Ndiyo maana asubuhi kioo kilipotoa jasho alidhani wema wake umefika. Kisha akamnyanyua Mathilde ili amnyonyeshe. Miguu ya mtoto ilikuwa baridi kama sakafu.

Alimfunga kwa vitenge viwili. Mtoto alinyonya, lakini midomo ilibaki mikavu. Alilia, na hapakuwa na chozi. Kadiri siku zilivyopita, ngozi yake ilianza kuwa na vumbi jeupe, kama ukuta uliopakwa chokaa, huku ndani ya sanduku, ambamo hakuna aliyenyunyiza tena hata tone, maji yalitiririka kwenye kioo. Sanduku lilianza kunuka maziwa. Na kila Philomène alipomwondoa mtoto kwenye titi, sauti ya kunyonya haikukoma, ilihamia nyuma yake, chini ya majani, taratibu, yenye kushiba.

Mama Émérence, aliyeuza samaki wa ziwa Tshangalele nyumba kwa nyumba, alisimama mlangoni akakataa kuingia.

"Mwana yangu," alinong'ona, "ile kintu ulikiogesha na mayi ya nani?"

Philomène alimweleza. Mama Émérence alitua beseni lake chini.

"Ile si nyoka ya bure. Ni ilomba, nyoka ya mayi, inakulaka bantu ba mu nyumba. Balivuaka yeye kule kwetu, bakauzisha muzungu. Sasa umemupatia mayi ya mutoto. Iko na joto moja na Mathilde, sawa mapacha."

"Niiue?"

"Ukiua moja, umeua mbili. Kesho tutaipeleka ku ziwa, na sanduku yake, na moto karibu. Irudie mayi yake yenyewe, iachilie mutoto. Lakini isipoe mu njia. Umesikia? Isipoe."

Akamwachia samaki wawili, hakutaka chochote.

Jioni Casimir alikataa. "Bwana akikosa nyoka yake, tunakosa nyumba. Bibi ya samaki anakudanganya." Lakini aliposhika mguu wa binti yake alivua koti lake la kazi akamfunika nalo. Philomène aliona, akampenda.

Asubuhi, kabla Mama Émérence hajafika, gari la Bwana Lambert liliingia uani. Wazungu walikuwa wameanza kurudi. Alishuka akitabasamu, mkononi globu mpya na ufunguo. Alipoona kioo kilivyolowa na chatu alivyong'aa, macho yake yalijaa machozi, akampa Philomène mkono kama anavyompa mke wa mzungu.

Philomène hakujua Kifaransa. Alipiga magoti akiwa na Mathilde kifuani. "Baba Mathilde, umwambie atuachie nyoka leo tu. Umwambie mutoto atakufa. Nyumba abaki nayo."

Casimir aliutazama ufunguo. Kisha akasema maneno machache, na Bwana akacheka kwa upole, akampapasa Philomène begani.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia unasema aksanti."

Bwana alimtoa chatu sandukuni kwa mikono miwili, akamtia katika mfuko wa kitambaa, akamweka nyuma ya gari juu ya bati, penye baridi, akaliacha sanduku pamoja na globu mpya kuwa zawadi kwa mtoto, na gari likaondoka kuelekea Kamatanda, mwendo mfupi tu, alikokuwa na nyumba na sanduku jipya, na kadiri mlio wake ulivyofifia Philomène alisikia joto likimtoka Mathilde, kwanza vidole, kisha magoti, kisha tumbo, mpaka midomo ikawa ya buluu na pumzi ikawa uzi tu, naye akaita jina lake, akaita tena, akatazama huku na huku katika chumba ambamo makaa ya mbabula yalikuwa yamekwisha kuwa majivu, na kitu pekee kilichobaki na joto kilikuwa sanduku.

Mama Émérence alipofika alimkuta Casimir ameketi nje, ufunguo mkononi. Ndani, globu mpya ilikuwa inawaka. Mathilde alikuwa amelala sandukuni juu ya majani yaliyolowa, amejikunja, kichwa katikati. Alikuwa anapumua.

"Mutoe mule," Mama Émérence alinong'ona.

"Nikimutoa anapoa. Nimejaribu." Philomène aliweka kiganja kwenye kioo. Kilikuwa vuguvugu, kinatoa jasho.

Mtoto alifumbua macho. Yalikuwa meupe, yenye ukungu, kama ya nyoka anayekaribia kujivua. Kwenye pembe ya mdomo ngozi ilikuwa imeanza kuachia, nyembamba, nzima, kama karatasi ya kitunguu, na pale ilipofika kwenye kope ilikuwa imekwama.

Philomène akachovya vidole katika beseni, akanyunyiza tena, polepole, ili isimgande machoni.