Chaki Iliyosingiziwa

Ndugu zangu wenye vichwa, naomba utulivu. Jambo hili linawahusu nyote. Hata wenye upara wasicheke kwanza.

Palikuwa na ndugu wawili, mafundi cherehani, walioketi meza moja kwa miaka kumi na moja. Mdogo alipima, akachora kwa chaki na kukata. Mkubwa aliinamia cherehani akashona. Redio iliimba kwa sauti ya chini, nao wakataniana mpaka adhuhuri. Suti zao nyeusi zilimkaa mtu kana kwamba amezaliwa nazo.

Kisha zikaanza kuonekana chembe nyeupe kwenye kola na mabegani. Mkubwa alikung'uta, zikarudi.

"Chaki yako hiyo," alimwambia mdogo wake. "Unachora nguo kama ubao wa darasa la kwanza."

"Kaka, chaki yangu ni ya bluu."

"Basi imepauka."

Mtu mzima huyo, mwenye mke na watoto, ndiye aliyejibu hivyo.

Kichwa kilimwasha. Alijikuna kwa kalamu, kwa rula, kwa chochote kilichokuwa karibu.

"Baba watoto, hiyo ni mba," mkewe alimwambia. "Nenda zahanati."

"Mba ni ya wachafu. Mimi naoga mara mbili kwa siku."

Akawa anajipaka mafuta mazito kichwani, kisha anavaa kofia. Humo ndani mba ikanawiri kama mgeni aliyetandikiwa kitanda.

Siku moja mteja alikuja kujaribu suti yake. Alijitazama kwenye kioo, akapangusa bega, akauliza, "Hii mmeipitisha kwenye kinu cha unga?"

Watu wakacheka. Mkubwa, kwa aibu, akamnyooshea mdogo wake kidole. "Huyu ndiye mzembe. Miaka yote namfichia."

Mdogo alikunja tepu yake, akachukua mkasi wake, akatoka. Jumatatu akaonekana akikata nguo katika duka la jirani.

Mkubwa akabaki peke yake. Chaki hakuigusa kabisa. Alama aliweka kwa uzi. Chembe zikaanguka vilevile. Ndipo alipovua kofia mbele ya kioo cha wateja, akatazama, akakaa chini.

Muuguzi wa zahanati hakumcheka. "Mba si uchafu, wala haiambukizi," alisema. "Kuna vijifangasi vinavyoishi kwenye ngozi ya kila kichwa, na vinapenda mafuta. Wewe umekuwa ukivilisha." Akampa shampuu ya dawa: aoshe mara mbili kwa wiki, aiache dakika tano, asuuze vizuri, asijikune. "Ikirudi usione haya. Anza tena."

Baada ya mwezi mmoja mabega yalikuwa safi. Akamwendea mdogo wake.

"Nilikukosea. Ilikuwa ni mimi."

"Nilijua tangu mwanzo, kaka."

"Mbona hukusema mbele ya yule mteja?"

"Ungebaki na nini?"

Mkubwa akainamisha kichwa. "Basi rudi, mdogo wangu."

"Nimekusamehe, kweli kabisa. Lakini hapa wananiita fundi."

Kisha akaendelea kukata, na mkubwa akarudi dukani peke yake.

FUNZO

Mba si aibu. Aibu ni kumtwisha mwenzako kilicho kichwani mwako. Itibu mapema kwa shampuu ya dawa. Kofia na mafuta haviponyi. Isipopungua, au ukiona vidonda, nenda zahanati. Na chunga ulimi wako, maana neno ulilomwagia ndugu yako mbele ya watu halina shampuu.