Kondoo wa Damiani

Ndugu zangu, mchana ule uani kwa Mzee Melkizedeki, nje kidogo ya Iguguno, kulikuwa kumetulia. Alizeti ilikuwa imekauka vizuri. Binti yake, Loyce, alikaa kando ya turubai akipiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, na shangazi yake Magreth, aliyetoka Singida mjini kusaidia mavuno, akipepeta. Shangazi alimtania kwamba anavipiga kana kwamba vimemkosea adabu. Loyce akacheka. Hakuwa amecheka tangu arudi kwa baba yake na jino lililovunjika.

Mumewe, Damiani, ndiye aliyelivunja. Loyce alikwenda polisi, kwenye dawati la jinsia, akatibiwa, kisha akafungua shauri la kutengana. Shauri likiwa linaendelea, hakimu alitoa amri: Damiani asimfuate Loyce, asimbughudhi, wala asikanyage nyumba anayoishi. Mzee Melkizedeki alikuwepo iliposomwa. Aliielewa.

Sasa Damiani akatokea barabarani akivuta kondoo, nyuma yake wajomba zake. Katika ukoo ule, mwanamume aliyemkosea mkewe hupeleka kondoo ukweni. Nyama ikiliwa pamoja, maneno yamekwisha na mke hurudi.

Loyce alisimama. "Baba, mahakama imesema asifike hapa."

Majirani walikuwa wamekwisha kusogea uani. Mzee aliwatazama, akaona haya kumfukuza mkwe mbele yao.

"Mahakama ni ya serikali, mwanangu," alisema. "Haya ni ya kwetu."

Shangazi Magreth alikumbusha kwamba kuna amri iliyoandikwa. Mjomba mmoja akamjibu, "Karatasi haijazi sufuria, shangazi." Watu wakacheka.

Kondoo akachinjwa. Loyce hakuonja. Kesho yake alifunga nguo zake akaondoka na mumewe, kwa kuwa baba yake alikuwa amekwisha kula kwa niaba yake.

Mtauliza kwa nini hakukataa. Angekataa akalale wapi? Nyumba aliyokimbilia ndiyo iliyomtoa.

Alizeti haikuwa imeuzwa bado Damiani alipompiga tena, safari hii kwa mpini wa jembe. Jirani alimkuta damu ikimtoka sikioni. Madaktari walijitahidi, lakini sikio la kushoto halikusikia tena.

Damiani alikamatwa. Mahakamani alijitetea bila kupandisha sauti. "Mheshimiwa, sikuvunja mlango. Nilikaribishwa. Baba mkwe, yule pale, alikula kondoo wangu."

Watu wote wakageuka. Hakimu alimuuliza mzee kama ni kweli.

"Ni kweli," alisema, akitazama viatu vyake.

Hakimu alieleza kwamba amri ya mahakama huondolewa na mahakama, si na baba mkwe wala nyama, na Damiani akafungwa. Mzee hakuulizwa neno jingine. Nadhani alitamani aulizwe, hata akemewe.

Siku hizi Loyce anaishi Singida kwa shangazi yake. Baba yake humtembelea. Loyce humwamkia shikamoo kwa heshima ileile na kumletea kiti. Mzee hukisogeza upande wa kushoto wa binti yake, upande usiosikia, na huko ndiko humwomba msamaha, kwa sauti ya chini.

"Umesema nini, Baba?"

"Nasema mvua imechelewa."

FUNZO

Amri ya mahakama hailindi mlango ambao sisi wenyewe tunaufungua. Aliyeomba ulinzi hajaiaibisha familia. Aliyempiga ndiye aliyeiaibisha. Mtu aliyezuiwa akija kwako, hata akiwa na wazee na mnyama wa kuchinja, usimpokee. Waite polisi. Kama anayelindwa anataka amri iondolewe, akaseme mwenyewe mbele ya hakimu, bila kusukumwa. Desturi ya kupatanisha ni nzuri pale pasipo na mtu wa kuumizwa kwa ajili yake. Mzee Melkizedeki alikwepa aibu ya mchana mmoja, na sasa anashindwa kukaa upande ambao binti yake anamsikia.