Paki Hapo Chini ya Dirisha, Sista

"Shusha gari langu! Shushaaa!"

Nilikuwa nakimbia katikati ya barabara, glovu mkononi, kiatu kimoja kimebaki kwenye ngazi!

Lori la kuvuta magari lilikuwa limekinyanyua kigari changu, matairi ya mbele hewani, kama mtoto aliyekamatwa sikio.

Na juu, ghorofa ya tatu, dirisha wazi... Bibi anapiga mayowe.

"Kaka, nakuomba! Mimi ni nesi! Nina mgonjwa juu, hawezi kukojoa bila mpira! Mpira mpya uko kwenye buti. Lishushe kidogo nichukue tu!"

Dereva hata hakugeuza shingo.

"Likishapanda halishushwi. Njoo yadi."

"Kibofu kitapasuka!"

"Sasa dada, kibofu nilimwekea mimi?"

Akapandisha kioo. Akaondoka.

Jamani... nilibaki nimesimama na glovu zangu kama mwehu.

Ngoja niwaeleze vizuri.

Mimi ni nesi wa majumbani. Nazunguka mjini nikiwahudumia wagonjwa wasioweza kufika hospitali. Nasafisha vidonda, nachoma sindano, nabadilisha mipira ya mkojo.

Watu wanadhani kazi ngumu ni kidonda. Wapi! Kazi ngumu ni pa kupaki!

Unazunguka mtaa mpaka kichwa kinauma. Hapa geti la mtu, pale duka, kule umeandikiwa faini. Ofisi ilinipa kibandiko cha kuweka kwenye kioo, MUUGUZI YUKO KAZINI. Wavutaji magari wanakisoma kama tangazo la sabuni.

Kwa Bibi ndiyo kulikuwa na balaa. Kila nikienda, gari linafungwa mnyororo au linavutwa. Wagonjwa wangu wengine wananisubiri mpaka wanakata tamaa.

Bibi alikuwa amepooza upande mmoja. Alikuwa akiishi na mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Mwanawe anafanya kazi mji mwingine, na kila asubuhi anapiga simu: "Mama, nakupenda." Bibi anacheka mpaka machozi.

Na huyo mkwe... jamani, asali! Ndiye aliyenionyesha pa kupaki.

"Paki hapo chini ya dirisha letu, sista. Macho yangu yatakuwa kwenye gari lako."

Nikamwamini.

Siku hiyo nilikuwa nimeshautoa mpira wa zamani, ulikuwa umeziba. Nikafungua pakiti ya mpya. Mkwe akapita na beseni, kiwiko kikanigonga. Mpira puu, sakafuni! Ukigusa sakafu hautumiki tena.

"Mama yangu! Samahani sista!"

"Usijali dada, mwingine uko kwenye gari."

Ndiyo nikashuka, nikakuta ninayowaambia.

Sasa, chini pale kulikuwa na mzee mmoja mstaafu, sisi tulimwita Mzee Koni. Ameweka koni za njano mbele ya mlango wake, ukizisogeza anakutolea macho. Tulishagombana mara nyingi.

Nikajua ni yeye!

"Mzee, umefurahi sasa?" nilimpigia kelele, watu wamejaa. "Unaita watu wavute gari la nesi! Unasikia mtu anavyolia juu? Roho gani hiyo? Mchawi mkubwa wewe!"

Watu wakaanza kumzomea. Mwingine akaipiga teke koni yake, ikaruka mpaka katikati ya barabara.

Mzee aliiokota koni yake.

Halafu akatoa funguo mfukoni.

"Yadi yao naijua," alisema. "Panda gari. Matusi utayamalizia njiani."

Nikapanda.

Yadi kulikuwa na karani nyuma ya kidirisha cha nondo. Nikaanza kumsihi anifungulie geti nikafungue buti langu. Simu yake ikaita mezani. Mikono yake imejaa funguo za geti na minyororo, akabonyeza spika kwa kidole kidogo.

Na mimi nikasikia sauti... laini kama asali.

"Haloo, mdogo wangu! Lile gari la nesi limefika?"

"Limefika, dada."

"Msimpe mapema. Mwambieni mtu wa funguo hayupo. Likae mpaka jioni, sawa? Yule bibi hafiki hiyo jioni."

Nikashika nondo.

Mzee Koni aliguna tu: "Mh!"

"Dada," nilisema kwa sauti, "nesi yuko hapa. Anakusikia."

Simu ikakatika.

Karani alinitazama, akaitazama simu, akasukuma funguo za geti kwangu. Nikachukua boksi la mipira kwenye buti, tukarudi mbio na mzee, honi mwanzo mwisho.

Mzee alibaki chini. Nilipofungua mlango, televisheni ilikuwa inapiga kelele nyumba nzima. Mkwe amekaa kwenye kochi, anapaka kucha rangi.

Alikuwa ameongeza sauti asimsikie Bibi!

Nikapita kama upepo. Tumbo la chini la Bibi lilikuwa gumu kama ubao, macho yamegeuka. Niliingiza mpira... Mkojo ulipoanza kutoka, Bibi alishusha pumzi, akanishika mkono kwa ule wake mzima. Akalala hivyohivyo, kanishika.

Nikatoka sebuleni. Nikazima televisheni.

"Kwa nini?"

Mkwe alipuliza kucha zake. Akachukua simu, akapiga, akaweka spika, akanipa.

"Ongea na mwenye mama."

Nikasema moyoni, afadhali! Mtoto anayempenda mama yake vile, leo huyu mwanamke ataondoka na mabegi!

"Kaka, mkeo ndiye anayevutisha gari langu. Leo mama yako angekufa!"

Nikasikia anafunga mlango huko aliko.

"Kaka? Umenisikia?"

"Nimekusikia, sista." Sauti imetulia kabisa. "Namba ya yadi nilimpa mimi."

"Unasema?"

"Unafanya kazi nzuri mno, sista. Hiyo ndiyo shida. Kila tukijiandaa kwa msiba, wewe unakuja, anapata nafuu. Mke wangu kazeeka humo ndani akimgeuza kitandani. Sisi tutaishi lini?"

Wasomaji wangu, nimeshaona vidonda vyenye funza. Sijawahi kukutana na uozo kama ule.

Niliripoti! Msimamizi wangu akaleta ofisa wa ustawi wa jamii. Mzee Koni naye alikuja kutoa ushahidi, amevaa koti, licha ya yote niliyomtukana. Nilimwomba radhi mbele za watu. Akanijibu: "Tumalize kwanza la mgonjwa."

Tukaingia chumbani. Mkwe ametandika shuka jeupe, amemchana Bibi nywele, amemshika bega.

Ofisa akainama: "Bibi, ni kweli mwanao na mkewe wanazuia nesi asikuhudumie?"

Bibi alimtazama mkwe. Akanitazama mimi.

"Mwanangu?" alisema. "Mwanangu hunipigia simu kila asubuhi. Huyu nesi anachelewa mwenyewe, halafu anasingizia gari. Hata huo mpira aliuangusha yeye."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto.

"Bibi! Sema ukweli!"

"Sista, usimpigie mgonjwa kelele," ofisa alinikatiza.

Mzee Koni alisema alichosikia yadi. Lakini sauti ya kwenye simu, nani ataapa ni ya nani? Karani akakana kila kitu, na mwanawe Bibi naye kwa simu akakana. Mkwe analia kwikwi, ofisa anampa pole!

Nilipokuwa nakusanya vifaa vyangu, wengine wametangulia sebuleni, Bibi alinivuta nguo.

"Nisamehe, mwanangu. Siku ile sikuwa nimelala. Ulipozima televisheni, nilisikia yote uliyoongea na mwanangu," alinong'ona. "Ila wewe una wagonjwa wengi. Mimi nina mtoto mmoja."

Nikaondolewa kwenye kazi ya nyumba ile, na onyo juu. Akapelekwa nesi mpya, binti mpole. Nilimpigia kumtahadharisha. Akanijibu msimamizi kamkataza kunisikiliza.

Haikuchukua muda. Mpira uliziba tena, gari la nesi likavutwa, uchafu ukaingia kwenye damu. Bibi akafa.

Kesho yake mwanawe akaweka picha mtandaoni. Amemkumbatia mama yake, maneno chini yake: "Nenda salama, Malkia wangu. Tulikuuguza kwa mikono yetu mpaka pumzi ya mwisho."

Watu maelfu wakalia. "Mtoto wa mfano!" "Mungu atupe watoto kama wewe!" "Mke mwema huyo, amemvumilia mama mkwe!"

Huenda na wewe unayesoma hapa uliweka alama ya kopa chini ya picha ile.

Funzo ninalowaachia ni hili. Mgonjwa wenu akikosa huduma, msimalizie hasira zote kwa nesi, wala kwa jirani mwenye sura ya ukali kama nilivyofanya mimi. Ingieni ndani. Angalieni nani anaongeza sauti ya televisheni.

Na wewe mzazi unayemfichia mtoto wako anayekuua taratibu... yeye hatakufichia lolote. Atakuzika, atapiga picha, atapewa pole.