Dole Gumba Kwenye Rangi Mbichi

"Asali, Asali. Mgeni anaelekea behewa la tatu. Kofia ya kijani, mfuko begani."

"Nimemwona."

Eustadia Limbu, jina lake la redioni Asali, alishaanza kukimbia kabla hajamaliza kujibu.

Stesheni ya Tabora, siku ya treni ya kwenda Dar, ni vurugu tupu. Magunia ya karanga. Madumu ya asali. Kuku waliofungwa miguu. Akaruka gunia, akamwomba radhi mama mmoja bila hata kumtazama, akapenya. Kiunoni, chini ya khanga, bastola yake ya Glock 19 ilimgonga nyonga kila hatua.

Aliyekuwa akimfukuza alijiita Anton. Jina moja, pasipoti tatu. Kwa wiki mbili alikuwa amejifanya mtalii wa njia ya zamani ya misafara, leo Kwihara, kesho Tura, akipiga picha kila kichuguu. Sasa mguu wake ulikuwa kwenye ngazi ya behewa.

"Bwana Anton! Umesahau kitu!"

Akageuka. Kosa hilo. Eustadia akamdaka mkono, akauzungusha, akambandika shavu kwenye ubavu wa behewa.

"Mimi mtalii!"

"Na mimi bibi harusi. Tulia."

Askari wawili waliovaa kiraia wakamchukua. Eustadia akabaki na mfuko. Ndani yake mlikuwa na kamera moja tu, na hiyo ndiyo aliyotumwa kuifuata.

Canon P. Kamera ya filamu, ya Kijapani, ina zaidi ya miaka sitini. Haina betri, haina waya. Springi na meno ya chuma, basi.

Na hapo ndipo mtu alipocheza akili. Katika ofisi ya Idara ya usalama pale Tabora kulikuwa na kabati la chuma, na ndani ya kabati karatasi mbili zenye majina arobaini na moja. Warina asali wa Ipole na vijiji vya jirani. Watu wanaoingia msituni kukagua mizinga yao, kisha wanainong'oneza serikali majangili wamepitishia wapi meno ya tembo. Orodha ile haikuwahi kuingizwa kwenye kompyuta. Anayeingia chumba kile anaacha mlangoni simu, saa, kila chenye umeme, na mtambo unamkagua. Lakini mtambo unanusa umeme. Kamera isiyo na betri, ndani ya mfuko wa koti, ilipita kimya, ikatoka na picha za orodha nzima.

Filamu ile ikivuka mpaka, wale watu hawamalizi mwezi.

Mmoja wao ni Damas Limbu. Baba yake Eustadia.

Alirudi kwenye pikipiki yake, akaigeuza kamera mkononi. Alizijua kamera hizi. Yeye mwenyewe alikuwa na Leica M3, aliipenda kuliko pete. Hii ilikuwa imekwanguliwa nikeli yote na kupakwa rangi nyeusi upya. Kazi safi, inang'aa. Isipokuwa kona moja ya kifuniko cha juu, mahali dole gumba linapokaa unapovuta filamu.

Pale rangi ilikuwa imebonyea. Alama ya dole, mistari yake yote, na katikati kovu limeikata mshazari.

"Hapana," Eustadia akasema kwa sauti. Dereva wa bodaboda akamtazama.

Kovu lile aliliosha yeye. Alilifunga bandeji yeye, mwaka wa kwanza wa mafunzo, siku mkuu wake alipojikata akifungua kopo la filamu kwa kisu. Erasmus. Huyo ndiye aliyemfundisha kazi. Ndiye aliyemfundisha kuweka jicho kwenye kidirisha, kuzungusha lenzi mpaka zile picha mbili ziingiane ziwe moja, ndipo upige. Ndiye aliyempa ile Leica siku alipofaulu. Na kila Krismasi alikuwa Ipole, anakula ugali kwa mzee Damas, anamwita baba.

Jamani! Mtu unamtandikia kitanda nyumbani kwenu!

Simu ikaita. Erasmus.

"Umeipata?"

"Nimeipata, kaka."

"Hongera, mdogo wangu. Usimpe mtu. Usiifungue. Nikute barabara ya Kwihara, kwenye matanuri ya matofali. Saa sita."

"Sawa, kaka."

Sauti haikutetemeka. Akakata simu.

Bado moyo ulimkatalia. Huenda kuna maelezo. Akawasha Honda, akaenda moja kwa moja Gongoni, kwa Sabiri. Fundi huyo alikuwa akikwangua na kupaka upya kamera za zamani uani kwake, katika nyumba ya udongo iliyowahi kulaza wapagazi wa misafara. Rangi aliikausha katika tanuri la mkewe, mikate ikishatoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bin..." Sabiri akaiona kamera. Hakumalizia salamu. "Lahaula! Wameifanya nini hii?"

"Ya nani, mzee?"

"Ya bosi wako, ya nani tena! Nimeipaka tabaka tano. Kila tabaka tanurini, kila tabaka msasa. Nikamwambia, Erasmus, siku kumi usiiguse, rangi hii juu imekauka lakini ndani bado mbichi. Akaja siku ya nne! Eti safari ya ghafla. Mtu mzima hawezi kusubiri? Ona sasa, dole hili!"

"Aliichukua lini?"

"Jumanne asubuhi. Mke wangu alikuwa anapakua mikate."

Jumanne mchana, Erasmus alikuwa ameingia chumba cha kabati. Alisema anahakiki mihuri.

Eustadia akapiga simu makao makuu, kwa Mama Magreth, mkuu wa kitengo.

"Mama, aliyetuuza ni Erasmus."



"Una hakika?"

"Ameacha dole kwenye rangi. Fundi ni shahidi."

"Kaa hapo hapo. Vijana wanakuja, dakika ishirini."

Hazikutimia hata tano.

"Nilijua utapitia kwa Sabiri," sauti ikasema nyuma yake. "Nilikufundisha vizuri mno."

Erasmus alisimama kwenye mlango wa ua. Suruali ya kaki, shati lililopigwa pasi. Bastola ya Makarov yenye kiwambo cha kuzuia sauti. Sabiri akainua mikono, brashi bado vidoleni.

"Nipe kamera, mdogo wangu."

"Kwa nini, kaka?"

"Miaka ishirini na sita niko hapa. Wenzangu wako balozini, wanakunywa mvinyo. Mimi nakula vumbi. Basi, nimechoka. Nipe."

"Ukiipata utanifanya nini?"

 Erasmus akatazama pembeni, na Eustadia akaelewa. Kilimuuma hicho kuliko bastola yenyewe.

Akainyoosha kamera mbele, kama anayekabidhi. Kidole chake kikazungusha kifungo cha chini. Mlango wa nyuma ukafunguka, tak!

"Eustadia, usi..."

Akavuta.

Filamu ikamwagika nje, mita moja na nusu, chini ya jua kali la Tabora. Hapohapo picha zikaungua, na majina yote yakafutika.

Erasmus akapiga ukelele, macho yakaifuata filamu. Nusu sekunde ilitosha. Eustadia akaishika kamera kwa mkanda wake, akaizungusha, chuma kikamkuta kwenye kifundo cha mkono. Bastola ikaruka. Goti tumboni. Pingu.

Sabiri akakaa chini palepale, akijifuta jasho kwa tambara la rangi.

"Eustadia." Erasmus alikuwa kifudifudi, vumbi mdomoni. "Jina la baba yako sikulipiga. Nililifunika kwa kidole. Naapa kwa Mungu. Itazame filamu, uta..."



Eustadia aliitazama filamu iliyojikunja miguuni pake. Hapakuwa na kitu cha kutazama tena. Alitamani kumwamini, na kutamani huko kulimtia hasira hata akaona aibu.

"Na wale arobaini," akauliza taratibu, "ni baba za nani?"



Land Cruiser mbili zikaingia kwa kasi. Vijana wakamwinua Erasmus. Eustadia akaikabidhi kamera, akamwonyesha kijana wa vielelezo mahali pa kutogusa. Akanawa mikono kwenye ndoo ya Sabiri. Akavaa miwani ya jua.

Redio ikakoroma.

"Asali, Mama anataka ripoti mezani saa nane. Unaelekea wapi?"

Eustadia akapiga stati.

"Ipole. Kuna mzee kule anamwita huyu mtu mwanangu. Sitaki alisikie kwa mwingine."

Akazima redio, akatia gia.