Nyuki Ambao Colette Hakuwaangalia

Kila Jumamosi Colette alimshika mkono babu yake, mzee Lambert, wakatoka Panda, kambi ya wafanyakazi, kwenda porini kutafuta asali. Macho ya Nkambo, kama alivyomwita, yalikuwa yameingia ukungu, na Colette ndiye aliyeona kwa niaba yake.

Tangu Katanga ijitenge na Kongo, barabara ya Kapolowe ilikuwa imefungwa na sukari imeadimika. Askari nao walikimbilia kila palipofuka moshi, na nyuki wakubwa hawaguswi bila moshi. Walibaki wale wadogo wasiouma.

"Ku ule muti wa muombo banasema kuko banyuki," Nkambo alimwambia asubuhi moja. "Wende uangalie muzuri. Kama ni badogo sawa punje ya muchele, beusi, na mulango iko na kamurija ka nta, tutavuna. Kama ni bakubwa, ba kahawia, na mistari ku tumbo, tunaacha."

Njiani Colette alimkuta rafiki yake Mélanie akiruka kamba. Aliruka naye mpaka jua likawa kali, kisha akarudi mbio nyumbani bila hata kufika kwenye mti.

"Ni badogo, Nkambo. Beusi," alisema.

Alasiri hiyo Colette alimpeleka mzee kwenye mti, naye akatia mkono ndani ya shimo. Nyuki wakubwa walimtokea kwa hasira. Waliporudi nyumbani uso wa mzee ulikuwa umevimba na jicho moja limefumba.

"Macho ya mutoto haiko na kosa," alimwambia Clémentine, mama yake Colette. "Pengine nilishika shimo ingine. Ni miye nimezeeka. Weka kisu yangu ya asali, sitaenda tena."

Afadhali angemchapa! Colette aliona aibu, chakula kikamshinda. Babu alikuwa anaacha kazi aliyoipenda kwa ajili ya uongo wake, tena akimtetea.

Asubuhi alikwenda kumkanda uso kwa maji, akaangua kilio. "Nkambo, sikuangalia. Nilikuwa naruka kamba na Mélanie."

Mzee aliushika mkono wa Colette. "Weye njo macho yangu," alisema. "Nilitia mukono mule sababu nilikuamini."

"Unisamehe, Nkambo."

"Nimekusamehe. Lete kisu yangu."

Jumamosi iliyofuata walikaa mbele ya mti mwingine. Colette alikodoa macho shimoni.

"Beko namna gani?" Nkambo aliuliza.

Colette aliona kitu kikipita upesi. Jibu lilimjia mdomoni, akalimeza. "Bado sijaona muzuri. Tungoje."

Mzee alitabasamu kwa mdomo uliokuwa bado na uvimbe. "Hiyo njo neno nilitaka. Kusema haujaona haina haya, mutoto wangu. Kudanganya njo kunaumiza batu."

Walingoja sana. Hatimaye mdogo mweusi, kama punje ya mchele, alitoka kwenye mrija mdogo wa nta, na wengine wakamfuata. Colette aliwatazama mmoja mmoja.

"Ni badogo, Nkambo. Nimebaona."

Mzee hakuuliza mara ya pili. Alikunja mkono wa shati, akautia mkono shimoni.